Nyumba ya Magurudumu Tuliyoivuta hadi Liuli

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza mashineni, na Jumapili mlinizingira nje ya kanisa hadi paroko akadhani nimefiwa. Mnataka kujua mambo mawili. Nyumba ilifika? Na zawadi zenu, mbona wengine mmesikia zilichelewa? Kusimulia kwa mdomo kumenichosha, maana kila mmoja ananikatiza pale linapofika jina lake. Kwa hiyo nimeandika. Niliishia darasa la nne na mkono wangu ni wa polepole, lakini majina siyasahau. Anayejua kusoma awasomee wengine.

Mapera, nyumbani kwangu

Mimi ni mtoto wa ziwani. Nilizaliwa Liuli, nikaolewa huku juu milimani nikiwa binti, nikaacha samaki nikajifunza kahawa na ngolo, yale mashimo tunayolimia mlimani. Mdogo wangu Esta alibaki kule. Ndiye ndugu pekee niliyebaki naye.

Ziwa lilipopanda lilikula nyumba ya Esta. Halikuibomoa siku moja. Lilianza na jiko, likaja kwenye ukuta wa chumba, mwisho likachukua mlango, na mlango wenyewe ulionekana ukielea hadi wavuvi wakauokota. Ukoo ukampa kiwanja kingine juu kwenye mawe, lakini kiwanja si nyumba. Akawa analala stoo ya nyavu ya jirani yake, Mzee Wilbadi. Mwanawe alimwita Songea akakataa. Akanipigia simu: "Dada, mvua ikinikuta humu nitalala nimekaa. Lakini siondoki."

Nami nilikuwa na nyumba ya ziada. Wote mnaijua, ile nyeupe ya magurudumu, ya kuvutwa na gari, iliyokuwa pembeni ya vichanja vyangu vya kahawa. Waliiacha wale Wazungu, Hans na mkewe Renate, waliokuwa wakiizungusha Afrika nzima. Gari lao lilikufa injini mbele ya nyumba yangu, wakakaa kwangu wakisubiri kifaa, kifaa hakikuja, wakaondoka kwa basi. Renate alinishika mikono miwili akasema nyumba ni yangu. Paa langu lilipoanza kuvuja nikahamia humo, nikazoea kulala humo miaka na miaka. Mwaka huu mkwe wangu akaniezekea nyumba upya. Nikasema basi, ya magurudumu iende kwa Esta kabla ya mvua.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu Yustina, ni mwalimu pale Mbinga. Jina lake nilikuwa nalijua tangu siku ya barua ya posa, na sikuwahi kulitamka. Nyinyi mnaelewa, lakini karatasi husomwa hata na wageni, kwa hiyo naeleza: sisi mama mkwe na mkwe tunaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hatuketi kiti kimoja. Haingii ninapolala, hagusi nguo zangu. Tukiwa na neno, linapita kwa Yustina, hata kama sote tumesimama uwanja mmoja.

Habari za vibali sitaziandika. Zilimchosha yeye, hazikunichosha mimi.

Alikuja na gari lake dogo, akazunguka nyumba, akainama akasoma kibati cha uzito kilichopigwa ubavuni. Kisha akasoma kitabu cha gari lake, akarudi tena kwenye kibati. Mwalimu hasomi mara moja.

"Yustina," akasema, "mwambie mama, ikiwa tupu, gari langu linaiweza."

"Mama, anasema ikiwa tupu gari lake linaiweza."

"Mwambie nimesikia."

"Muulize kama ndani kuna mizigo."

"Mwambie ni kitanda changu na vizawadi vidogo tu."

Hapo ndipo safari ilipoharibika, na hakuna aliyedanganya. Kwetu zawadi ni ndogo siku zote. Hata aliyeleta fahali husema nimekuja na kamguu ka kuku tu. Na yeye hakuweza kufungua mlango ahakikishe, kwa kuwa pale ndipo nilipokuwa nalala. Akasimama hatua chache kutoka mlangoni, akautazama mlango, akaenda kuangalia tairi.

Nyinyi mlijua kilichokuwemo, maana mlikileta wenyewe. Leokadia Kapinga alileta magunia ya mahindi. Agatha Ndunguru, maharage. Rozalia Komba, kahawa ya kukaangwa na mkungu wa ndizi. Bernadeta Nchimbi, kinu na mtwangio wake. Filomena Mapunda, kuku watatu kwenye tenga, na mmoja alikuwa na hasira. Kukataa zawadi ya ndugu yako ni kusema ndugu yako ameshiba, na Esta hakuwa ameshiba. Tulipakia kuanzia mlangoni, na mlango uko nyuma, kwa hiyo vizito vyote vilikaa nyuma.

Mimi niliongeza jiwe la mama la kusagia. Nililipandisha kutoka Liuli nilipoolewa, na sasa nilitaka lirudi kwa Esta. Nililifunga kwa kanga yangu ya kulalia ili lisikwaruze sakafu ya Renate.

Mapera hadi kilimani

Tuliondoka asubuhi, ukungu bado uko kwenye mibuni. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, Yustina mbele pamoja na mumewe. Mliimba. Asanteni. Tulikuwa hatujafika kwenye kona ya shule, na wimbo haujaisha, nikaona mkwe anafuta jasho.

Gari liliikokota nyumba kama mtu anayeshika mtoto asiyetaka kwenda shule. Penye tambarare lilikwenda. Penye mteremko mdogo nyumba ilituhimiza kwa nyuma, du, du, kama mtu anayekusukuma kwenye foleni. Na mwendo ukizidi kidogo, mkia wa nyumba ulianza kucheza, huku na huku, hadi usukani ukawa unacheza nao.

"Yustina, muulize mama, vile vizawadi ni vidogo vya namna gani?"

"Mama, anauliza..."

"Mwambie ni vya kawaida."

Nilimwona kwenye kioo. Mkwe mwema hamuulizi mama mkwe swali moja mara mbili.

Kwenye kilima kirefu kabla ya Mbinga gari likachemsha. Harufu ya klachi ilijaa ndani, moshi ukatoka mbele, tukasimama. Mkwe akavuta breki ya mkono, akashuka akapanga mawe nyuma ya magurudumu. Akasimama kando ya barabara mikono kiunoni, akiangalia mlango wa nyumba bila kuusogelea.

Watu waliokuwa wakilima ngolo upande wa juu wakashuka na majembe yao. Mmoja, jina lake Daudi Kinunda, anayemjua mkwe kwa sura, alituzunguka akasema, "Mwalimu, pole na safari. Hapa umemfunga mbuzi akuvutie ng'ombe."

"Mbuzi huyu ameandikwa kwenye kitabu kwamba anaweza," mkwe akajibu.

"Na ng'ombe naye alisoma hicho kitabu?"

Wakacheka, na mkwe akacheka nao, kicheko cha mtu ambaye gari lake linatoa moshi. Mke wa Daudi, Oresta, akatuletea togwa kwenye kibuyu. Ilikuwa chachu kidogo, nzuri. Tukakaa ukingoni mwa shamba lao tukiangalia mawingu kusini. Yalikuwa bado meupe, lakini yalikuwa mengi. Niliyahesabu kwa ajili ya Esta, si kwa ajili yangu.

Zakaria Hyera afungua mlango

Mchana ikapita pikapu ya dizeli, kuukuu, yenye bodi ya chuma nyuma na kifaa cha kuvutia tela. Dereva alisimama kabla hatujampungia. Ni mtu mnene, mwenye kofia ya sufu hata juani. Zakaria Hyera. Alikuwa ametoka kushusha mbolea na anarudi mjini gari likiwa tupu.

Alinisalimia kwanza, shikamoo bibi, akaniuliza ya nyumbani, akaniuliza ya kahawa, ndipo akaigeukia nyumba. Akaisukuma kwa bega. Haikutikisika. Akaenda nyuma akainua kwa mikono, akaangalia jinsi ilivyolalia matako.

"Mwalimu, ndani kuna nini?"

"Sijui."

"Hujui? Unavuta kitu usichokijua?"

"Ni chumba cha mama mkwe."

Zakaria akanitazama, akamtazama mkwe, akaelewa. Akavua kofia. "Pole, kaka. Kwa bahati mimi si mkwe wa mtu yeyote hapa. Bibi, unaniruhusu?"

Nikasema fungua. Akafungua, kuku wa hasira wa Filomena akamrukia usoni, akapita juu ya kichwa, na Daudi akamkimbiza shambani. Zakaria akasimama mlangoni. Halafu akaanza kutaja kwa sauti, kama anaita majina darasani. "Mahindi. Mahindi. Mahindi. Maharage. Kinu. Mwalimu, kuna kinu! Na mtwangio wake. Ndizi. Kitanda cha chuma. Bibi, unahamisha parokia?"

"Vizawadi," nikasema.

Mkwe wangu alikaa chini kwenye jiwe, akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Yustina akanong'ona, "Mama, anacheka."

Zakaria hakutukana wala hakujigamba. Alieleza kama mtu anayekueleza njia. Hesabu ya mwalimu ilikuwa sawa, akasema, kwa nyumba tupu gari lile lingefika Mbinga na pengine mbali zaidi. Lakini nyumba hii haikuwa tupu, tena uzito ulikuwa mkiani. Uzito ukikaa mkiani unainua gari linalovuta, magurudumu yake yanakuwa mepesi, na mkia unalichezesha gari badala ya gari kuuchezesha mkia.

"Na bado hilo ni la kupanda," akasema. "Kupanda, gari dhaifu linasimama tu, mnakunywa togwa. Bibi, mnashuka ziwani. Kule swali si nani anavuta. Swali ni nani anashika."

Nikasogea pembeni, nikawaachia njia ya mlango.

Wakahamisha magunia kwenye bodi ya pikapu. Jiwe la mama Zakaria alilinyanyua mwenyewe, akaguna. "Na hili?"

"Linakwenda."

"Bibi, ziwani mawe yapo."

"Hili lilitoka ziwani."

Akaliweka mbele kabisa kwenye bodi, nyuma ya kichwa chake, na kanga yake vilevile. Akasema uzito ukiwa mgongoni mwa gari ni rafiki, ukiwa mkiani mwa tela ni adui. Nikaona kwamba anaweza kuwa dereva wetu. Akakubali kutufikisha ziwani, na nyumba ikafungwa nyuma ya pikapu yake.

Mbinga

Tulikaa Mbinga kuliko tulivyotaka. Breki ya nyumba, ile ya waya inayoshika nyumba inapotaka kumsukuma anayeivuta, ilikuwa imeshika kutu tangu enzi za Renate. Zakaria alisema bila hiyo hashuki hata akibebwa na malaika. Fundi wake, Tasilo, alilala chini ya nyumba na grisi hadi waya ukakubali. Wakati huo gunia kwa gunia lilipimwa kwenye mizani ya kahawa ya jamaa yake Zakaria, na kila kimoja mkwe alikiandika, akakiweka upande wa kwenda au upande wa kubaki.

Nyumba ilisimama kando ya soko, na hapo watu wakakosea. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. Akaja wa pili. Nilipogeuka kulikuwa na mstari. Walidhani ni gari la chanjo. Nikawaeleza ni nyumba ya mdogo wangu, na wa kwanza, Skolastika, akasema, "Basi nitasubiri kidogo, labda daktari yuko ndani amelala." Alisubiri kweli. Mzee mmoja aliuliza kama ndani tunapima macho. Nikamwambia hatupimi. Akaniuliza mbona basi nimevaa miwani.

Jioni tulikula kwa Yustina, ugali na kisamvu. Mimi nilikula jikoni, mkwe sebuleni, na sauti zilipita mlangoni.

"Yustina, mwambie mama, vyote haviwezi kwenda. Nyumba yenyewe, kitanda, kuku, basi. Magunia machache kwenye pikapu, machache kwenye gari langu nitakalofuata nalo. Mengine yabaki stoo ya kahawa, yafuate kwa basi."

"Mama..."

"Nimesikia. Mwambie kila gunia lina mwenyewe. Leokadia atauliza."

Kisha sauti ya mkwe, ya chini. "Mwambie, Leokadia akiuliza, aniulize mimi."

Leokadia, sasa umejibiwa. Gunia lako moja lilibaki, na kinu cha Bernadeta kilibaki, na maharage ya Agatha yalibaki yote. Nilikaa na ugali mkononi nikifikiri. Esta angeweza kula mahindi yaliyofuata kwa basi. Asingeweza kulala ndani ya mahindi.

Kushuka

Tuliondoka mapema. Mimi nilikaa mbele na Zakaria, mkwe na Yustina nyuma yetu kwenye gari dogo, Yustina akiwa na tenga la kuku magotini. Sasa nyumba ilikwenda kimya. Ilifuata nyuma kama mbuzi aliyezoea kamba, mkia hauchezi.

Baadaye ardhi ikaanguka. Wasiojua njia ile, ni hivi: mnakwenda kwenye baridi na mibuni, halafu mlima unaisha, na chini kabisa kuna ziwa kama shuka lililoanikwa, na barabara inajikunja kulifuata. Lami ni nzuri. Lakini lami nzuri haipunguzi mteremko.

Zakaria aliingiza gia ndogo kabla ya kona ya kwanza. "Gia ya kushukia ni ileile ya kupandia," akasema. "Ukiwahi, unashuka mzee. Ukichelewa, unashuka marehemu." Injini ikalia kwa sauti ya juu, mwendo ukawa wa mtu anayetembea. Nyumba ikaegemea nyuma yetu, breki yake ya waya ikalia kidogo, ikashika. Malori yalitupita yakipiga honi. Zakaria akawapungia madereva. "Tangulieni mbinguni," akasema, lakini kwa upole.

Joto likapanda kutoka chini. Nikavua sweta.

Tulikuwa tumeshuka zaidi ya nusu, kwenye kona kali, ndipo tukakuta lori la mbao limeharibikia katikati ya njia, limeziba pande zote. Zakaria akakanyaga breki. Pikapu ikasimama. Halafu haikusimama. Ilianza kuteleza polepole, shibiri kwa shibiri, nyumba ikitusukuma kuelekea zile mbao zilizochomoza kama vidole. Breki zilikuwa zimepata moto kwa safari nzima, zikachoka. Akavuta ya mkono kwa nguvu zote, miguu miwili juu ya breki, shingo imejaa mishipa.

"Bibi, shuka! Waambie jiwe! Mbele ya tairi la tela, upande wa chini!"

Nilishuka. Sikumbuki nilivyoshuka, magoti yangu hayashuki hivyo siku hizi. Mkwe alikuwa ameshasimamisha gari lake na anakimbia. Alitupa macho kando ya barabara, ni ukuta wa mlima na vikokoto tu, hakuna jiwe la maana. Akarukia bodi ya pikapu. Nikaona ameliona jiwe, ameinama, na mikono imesimama hewani.

Kanga yangu. Ile ya kulalia.

Yustina alikuwa bado ndani ya gari, mlango umebanwa na tenga. Hapakuwa na wa kupitishia neno. Mbao zilikuwa karibu, na ndani ya ile pikapu alikuwemo mtoto wa watu anayeshika nyumba ya mdogo wangu kwa miguu.

Nikaita, "Kosmas! Shika!"

Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni. Kisha akalinyanyua jiwe na kanga yake, akaruka nalo, akalisukuma mbele ya tairi la nyumba. Kanga ikateleza. Tairi likapanda kidogo, nyumba ikatikisika, likatulia kwenye lile bonde la jiwe lililolika kwa miaka ya kusaga, pale mama alipokuwa akisukuma mkono akienda na kurudi. Likakaa hapo. Nyumba ikasimama, na pikapu ikasimama nayo.

Tulisikia lori linadondosha maji.

Zakaria akatoka, akakaa kwenye lami. Baadaye kidogo akasema, "Bibi, ziwani mawe yapo," akaanza kucheka peke yake.

Tulikaa pale hadi breki zikapoa na lori likasogezwa. Mwenye lori, Aidani, alitugawia muhogo wa kuchoma na kutuomba radhi. Kosmas aliikunja ile kanga vizuri, akampa Yustina, Yustina akanipa mimi. Mambo yakarudi yalivyokuwa. Isipokuwa jina, lilishatoka, halikurudi.

Mbamba Bay hadi Liuli

Mbamba Bay tulikula ugali wa muhogo na mbasa wa kukaanga. Nililia kidogo kwa ajili ya samaki, mkononi nimeshika mwiba. Sijala mbasa aliyetoka majini asubuhi tangu mazishi ya mama. Mwenye mgahawa, Sesilia, alidhani ni pilipili, akaniletea maji.

Kutoka hapo kwenda Liuli ni vumbi na mashimo, na hakuna mteremko wa kuogopesha. Zakaria alilegeza gia, akaimba nyimbo za Kingoni ambazo hazifai kuandikwa. Mawingu sasa yalikuwa meusi upande wa Malawi.

Mwisho wa yote ni mchanga. Kabla ya kiwanja cha Esta kuna kipande cha mchanga mlaini, na pikapu ikazama hapo hadi ekseli. Zakaria akasema gari zito ndilo lililotushusha salama, na gari zito ndilo linalozama. Akaifungua nyumba kutoka kwenye pikapu. "Hapa sasa kuna kinachofaa kuliko gari," akasema. Akaniuliza nani anavuta kokoro siku hizi.

Mzee Wilbadi alikuja na watu wake na kamba ya kokoro, ile wanayovutia wavu kutoka majini. Wakaifunga kwenye shingo ya nyumba. Wanaume mbele wamejipanga pande mbili, wanawake nyuma wanasukuma, na Esta mdogo wangu, mwembamba kuliko nilivyomwacha, kati yao akisukuma nyumba yake mwenyewe. Wilbadi alianzisha wimbo wa kuvuta, na nyumba ikatoka mchangani kwa mkupuo, kama wavu wenye usipa, dagaa wa ziwani. Ingekuwa na magunia yote yale isingetoka. Niliona hilo, na nadhani Kosmas aliliona, lakini hatukutuma mtu.

Tuliipandisha hadi kwenye mawe, mlango ukatazama ziwa. Kiwanja kina mwinamo.

"Jiwe," akasema Kosmas. Akalileta mwenyewe, akaliweka chini ya tairi la upande wa majini.

Esta akaliona. "Dada! Jiwe la mama umeliweka chini ya tairi?"

"Ndilo lililoishika nyumba njiani."

"Na mimi nitasagia nini?"

"Mashine ipo."

Akainama akaligusa pale lilipolika, akaligusa na tairi. "Haya," akasema. "Mama alipenda kukaa."

Mvua

Ilinyesha siku ya pili, mchana, tukiwa tunakula. Ilikuja kutoka ziwani, tukaiona inatembea juu ya maji kabla haijatufikia. Stoo ya nyavu ya Wilbadi ilivuja kama kawaida yake. Nyumba ya Renate haikuvuja hata tone. Esta alizunguka akipapasa kuta kwa kiganja, kona baada ya kona, halafu akakaa kitandani kwangu, ambacho sasa ni chake, akafungua mfuko wa kahawa ya Rozalia akanusa.

Zakaria alikuwa ameingia zamani, anakula wali. Kosmas alikuwa nje, amesimama chini ya ubavu wa nyumba, maji yanamtiririka mgongoni. Nyumba ile ni chumba kimoja, mnaelewa. Haina sebule. Yote ni mahali pa kulala, tena sasa ni pa mama mkwe wake mdogo.

"Yustina," Esta akasema, "mwambie mkwe aingie, atalowa."

"Anasema yuko sawa, mama mdogo."

"Sawa gani? Tazama!"

Nikainuka nikaenda mlangoni. Nikamwita kwa jina lake, kwa mara ya pili maishani mwangu. Akageuka. Sikumwambia aingie, maana hilo ni kumpa mtu kazi asiyoiweza. Nilisogea pembeni tu, nikaweka sahani yake ya wali na mbasa kwenye kizingiti.

Akafikiri. Kisha akaja akaketi mlangoni, mgongo ndani, miguu nje kwenye mvua, akala akitazama ziwa. Hivyo ndivyo anavyokaa kila anapokwenda. Juzi Esta aliniambia kwenye simu kwamba amemshonea kimto cha kizingitini.

Vilivyobaki Mbinga vilifuata kwa basi, na kinu chako kilifika, Bernadeta. Anatwangia nje, karibu na tairi.